Mama haogelei, mimi nalewa bahari: twende Galápagos kwa boti ndogo?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi na mama tumeweka akiba miaka mingi ili tuvione visiwa vya Galápagos, na tumepanga kwenda Septemba. Mama ana miaka 66, haogelei, anatumia dawa ya presha, na goti lake la kulia humsumbua akishuka ngazi. Mimi naogelea, ila hata kivuko cha nusu saa kinanitapisha. Wakala ametupatia nafasi kwenye boti ya watu 16, siku nane, njia ya visiwa vya magharibi. Rafiki mmoja aliyewahi kufika ametuonya tusithubutu, tuchukue meli kubwa. Mwingine anasema kule ni ikweta, bahari imetulia, na wanyama hawaogopi watu kiasi kwamba unaweza kuwashika. Mama mwenyewe anaogopa volkano. Tufanyeje?"

Marahaba, na mpe mama salamu zangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, ila nikichambua naona hofu yenu kubwa iko kwenye ukubwa wa boti na kwenye mama kutojua kuogelea. Hayo yana uzito wake, nitayafikia. Lakini kama mngekuwa mmekaa mbele yangu ningeanza na maswali mengine matatu: kwa nini Septemba, boti inavuka wapi usiku, na goti la mama linahimili nini.

Tuanze na huyo rafiki wa ikweta. Ni kweli mstari wa ikweta unakata ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Isabela. Lakini bahari huendeshwa na upepo na mikondo, na Galápagos, takriban kilomita 1,000 magharibi ya pwani ya Ecuador, iko kwenye makutano ya mikondo mitatu. Kutoka kusini unapanda mkondo wa Humboldt na maji yake baridi. Kutoka kaskazini-mashariki, upande wa Panama, huja maji ya vuguvugu. Na kutoka magharibi, chini ya uso wa bahari, unakuja mkondo wa Cromwell, unaogonga miguu ya visiwa vya Fernandina na Isabela kisha ukapanda juu, baridi na wenye rutuba tele. Kati ya Januari na Mei pepo za kusini-mashariki hulegea, maji hupata joto, mvua hunyesha na kukatika, na bahari mara nyingi hulala. Kuanzia Juni pepo zinarudi, anga hufunikwa na mawingu ya manyunyu ambayo wenyeji huyaita garúa, na mawimbi hukua. Miezi yenye bahari kali zaidi ni Agosti hadi Oktoba. Kwa mtu anayetapika kwenye kivuko, mmechagua katikati kabisa ya msimu wenyewe.

Sisemi Septemba ni mwezi mbaya. Baridi hiyo hiyo ndiyo inayowalisha wanyama mnaowafuata. Maji ya chini yakipanda na rutuba yake, viumbe vidogo vya majini huongezeka, samaki huvifuata, na ndege hufuata samaki. Ndiyo sababu pengwini wanaweza kuishi penye ikweta. Miaka ya El Niño, maji baridi yanapokosekana, pengwini hao hufa njaa: mwaka 1982–83 na tena 1997–98 idadi yao ilianguka kwa zaidi ya nusu. Septemba pia albatrosi, ndege wakubwa wa baharini wa kisiwa cha Española, bado wapo, kwa kuwa hufika mwishoni mwa Machi au Aprili na kuondoka Desemba. Mkienda Februari mtawakosa hao, lakini mtakuta kasa wakitaga ufukweni na maji ambayo hayakung'ati ukiingia. Hakuna mwezi unaowapa vyote, na wakala anayesema upo anataka amana yenu. Kama itakufariji, Charles Darwin naye alifika huko Septemba, mwaka 1835, na alikuwa mtu wa kulewa bahari tangu mwanzo wa safari yake hadi mwisho.

Sasa huko kulewa kwenyewe. Watu hulaumu tumbo, na chanzo kiko sikioni. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji, kazi yake ni kuuambia ubongo mwili unaelekea wapi. Ukiwa chumbani mwa boti, macho yanaona kuta zimetulia huku sikio likiripoti kwamba mnapanda na kushuka. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, jibu lake ni jasho baridi, mate kujaa mdomoni, kichefuchefu, kisha kutapika. Mwendo unaolevya kuliko yote ni wa polepole, kama wimbi moja kila sekunde tano hivi. Ndiyo maana kukaa nje na kutazama upeo wa bahari husaidia: macho na sikio yanaanza kukubaliana. Kulala chali macho yamefumbwa husaidia pia. Kusoma simu kitandani ndiko kunakomaliza watu.

Wengi huzoea ndani ya siku mbili au tatu. Na kuna jambo ambalo huenda hukulitarajia: hapa mama yako ana nafasi nzuri kuliko wewe. Kulewa mwendo huwa kukali zaidi utotoni na hupungua kadiri umri unavyosonga. Nimeona wazee wengi wakila chakula cha jioni kwa raha huku watoto wao wamejikunja kwenye viti vya sitaha.

Boti za Galápagos husafiri zaidi usiku. Mchana mnakuwa nchi kavu au kwenye ghuba, mkishamaliza chakula cha jioni nanga inang'olewa, na boti inakwenda maili nane hadi kumi za bahari kwa saa hadi alfajiri. Kwa hiyo swali la kumwuliza wakala ni hili: kila usiku tunavuka wapi, kwa saa ngapi, na upepo unatujia upande gani? Majibu yapo, kwa sababu njia hazibuniwi na nahodha. Tangu mwaka 2012 Hifadhi ya Taifa ya Galápagos hairuhusu boti kurudi kwenye kituo kilekile ndani ya siku 14, hivyo kila chombo kina mzunguko wa wiki mbili uliokwisha kupitishwa, na mawakala huuza vipande vyake: vya siku nne, tano, nane. Hii pia ndiyo sababu hakuna safari ya siku nane inayofika kila mahali.

Njia yenu ya magharibi ina sura mbili. Kuizunguka Isabela, iwe kwa kaskazini au kwa kusini, ni mwendo mrefu kwenye bahari wazi, na Septemba chombo kitakwenda mrama. Lakini mkishaingia mlango wa bahari wa Bolívar, kati ya Isabela na Fernandina, milima ya volkano inazuia upepo na maji hutulia sana. Huko ndiko waliko minandi wasioruka, ndege ambao wanapatikana kwenye visiwa hivyo viwili tu duniani. Huko ndiko waliko pengwini wengi zaidi, na iguana wa baharini waliolaliana juu ya lava ya Punta Espinoza, kisiwani Fernandina, wakipiga chafya za chumvi. Hesabu yangu ni kwamba mtakuwa na usiku mgumu mara mbili au tatu, nyingine za kawaida. Njia ya kusini-mashariki kwenda Española ingewatesa zaidi mwezi huo, maana huko mnayakabili mawimbi uso kwa uso. Genovesa nayo, iliyoko kaskazini, ni usiku mzima wa bahari wazi kwenda na mwingine kurudi. Wakala wenu hakukosea njia. Amekosea, au amenyamaza, kuhusu mwezi.

Na boti yenyewe? Fahamuni kwanza kwamba huko hakuna meli kubwa kwa maana ya zile za bahari nyingine. Chombo cha watalii hakiruhusiwi kuzidi abiria 100. Iwe mko 16 au 100, nchi kavu mtatembea na mwongozaji mwenye leseni ya hifadhi, kikundi kisichozidi watu 16. Meli ya watu 100 ni ndefu na nzito zaidi, kwa hiyo inayumba kidogo, na meli za ukubwa huo nyingi huwa na daktari. Gharama yake ni foleni: vikundi hushuka kwa zamu, na pengwini akitokea saa moja asubuhi, zamu yenu huenda ni saa mbili na nusu. Boti ya watu 16 inawapakia nyote mara moja kwenye boti mbili za mpira, mmeondoka. Kati ya boti ndogo, yenye matumbo mawili, yaani katamarani, huyumba kidogo ubavuni kuliko ya tumbo moja, ingawa mawimbi yakija kwa mbele hupigapiga kwa mshtuko. Cha kuzingatia zaidi ni chumba. Chombo baharini ni kama bembea ya ubao: aliye katikati hainuki sana, aliye mwisho ndiye anayerushwa. Ombeni chumba cha chini, karibu na katikati. Vya juu vyenye madirisha makubwa vinauzwa ghali zaidi, na ndivyo vinavyoyumba zaidi.

Sasa mama. Kutojua kuogelea hakumzuii. Kila safari ya boti ya mpira huvaliwa jaketi la kujiokolea, na mambo mengi ya magharibi huonekana mtu akiwa amekaa: kwenye ghuba ya Elizabeth na ghuba ya Tagus mnapita taratibu kando ya miamba na mikoko, pengwini na minandi wako mita chache. Wakati wewe uko majini na miwani na mrija wako, yeye anaweza kubaki botini na baharia. Mwambieni mwongozaji siku ya kwanza kabisa kwamba haogelei, bila kuona haya.

Ninapokuwa mkali ni kwenye maboti ya mwendokasi yanayobeba abiria kati ya Puerto Ayora (Santa Cruz), Puerto Villamil (Isabela) na Puerto Baquerizo Moreno (San Cristóbal). Hayo hukimbia saa mbili hivi juu ya mawimbi, na Septemba 2022 moja lilizama kati ya Isabela na Santa Cruz, watu wakafa. Mkiyatumia, jaketi livaliwe na kufungwa safari nzima hata jua likichoma, kaeni tezi ambako mshtuko ni mdogo, na chagueni safari ya asubuhi. Kama uwezo upo, ndege ndogo hufanya safari baina ya visiwa hivyo kwa muda usiofika saa moja.

Goti ndilo linaloniumiza kichwa. Kila siku, mara mbili hadi nne, mama atatoka kwenye jukwaa la nyuma ya boti na kukanyaga boti ya mpira inayopanda na kushuka. Baharia atamshika, naye amshike baharia, kila mmoja akishika mkono wa mwenzake palipo na kifundo cha kiganja. Hii ni salama kuliko kushikana viganja, kwa sababu kiganja chenye maji huteleza. Kisha kuna kushuka kisiwani. Mahali pengine mnashukia majini: unakaa ukingoni mwa boti, unageuza miguu nje, unatua kwenye maji ya magotini juu ya mchanga. Watu huogopa huku, na kwa goti bovu ndiko rahisi. Kugumu ni kule kunakoitwa kukavu, ambako unapanda moja kwa moja juu ya mawe ya lava yenye utelezi. Njia ya Punta Suárez pale Española ni mawe matupu. Kisiwa cha Bartolomé kina ngazi za mbao zaidi ya 350 hadi kileleni, na kushuka ndiko kutakakomtesa. Fernandina ni tambarare, ila lava yake ni kali na haina usawa. Fimbo ya kutembelea yenye kofia ya mpira ni ya lazima, na hakuna aibu kubaki botini matembezi mawili katika wiki nzima.

Dawa za kulewa bahari zipo na zinafanya kazi, mradi zinywewe kabla ya mawimbi, walau saa moja au mbili kabla nanga haijang'olewa. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai. Sinarizini, meklizini na dimenhidrineti zote huleta usingizi kwa kiwango tofauti, basi ijaribu ile utakayoichagua ukiwa nyumbani, siku usiyoendesha gari. Kibandiko cha skopolamini cha nyuma ya sikio hudumu siku tatu na huwafaa wengi, lakini kwa mtu wa umri wa mama kinaweza kuleta kuchanganyikiwa, macho kuona ukungu na mkojo kuziba, na hakifai kwa mwenye aina fulani ya presha ya macho. Tangawizi husaidia baadhi ya watu, na kwa wengi haina ubaya. Sitaki umpe mama dawa yoyote kwa kuwa imekufaa wewe. Baadhi ya dawa za presha huondoa maji mwilini. Mtu akitapika usiku kucha juu yake, asubuhi anasimama anaanguka. Apelekwe kwa daktari wake walau mwezi mmoja kabla, na orodha ya dawa zake zote mkononi, daktari aambiwe waziwazi kwamba ni siku nane botini mbali na hospitali. Nawe pia pitia kwake. Maji ya magharibi Septemba yanaweza kuwa chini ya nyuzi 20, na baridi ya ghafla hupandisha presha na kukata pumzi hata kwa mwogeleaji. Vaa vazi la mpira, ingia taratibu, na usiachane na mwenzako kwa sababu mikondo ina nguvu.

Kuhusu kuwashika wanyama, rafiki yenu awaache. Hawaogopi watu kwa sababu vizazi vyao viliishi bila wanyama wakubwa wa nchi kavu wa kuwawinda, na sheria ya hifadhi ni kukaa mita mbili mbali nao. Mtoto wa simba-bahari hutambuliwa na mama yake kwa harufu na sauti, hivyo mkono wako juu yake si zawadi. Dume linalolinda ufukwe nalo huuma. Hairuhusiwi kuwasha taa ya kamera, kupeleka chakula kisiwani, wala kutoka nje ya njia. Mizigo hukaguliwa kabla ya ndege kuondoka Quito au Guayaquil, na matunda na mbegu huchukuliwa.

Volkano nayo haistahili usingizi wa mama. Visiwa hivi vimezaliwa juu ya eneo moja la joto chini ya bahari, na bamba la ardhi linavisogeza polepole kuelekea mashariki, ndiyo maana vya magharibi ni vichanga na bado vinalipuka. Volkano ya Wolf, iliyoko Isabela, ililipuka Januari 2022, na ya Fernandina Machi 2024. Lava yake ni nyepesi, hutiririka kuelekea baharini badala ya kulipuka juu kwa kishindo, na Fernandina hakuna anayeishi. Volkano hizo hufuatiliwa na Taasisi ya Jiofizikia ya Quito, na hifadhi hufunga vituo inapohitajika. Abiria waliokuwa karibu nyakati hizo waliona mwanga mwekundu kwa mbali usiku na kuhesabu ni bahati yao.

Basi mimi ningefanya nini? Kama tarehe zinabadilika, ningesogeza safari hadi mwishoni mwa Aprili au Mei, nichukue boti hiyo hiyo na njia hiyo hiyo. Albatrosi watakuwa wamefika Española ingawa njia yenu haifiki kwao, bahari itakuwa laini zaidi, na wewe utakula. Kama Septemba haibadiliki, ningeichukua njia ya magharibi kwenye meli ya watu 40 na zaidi yenye daktari, hata kama nitasubiri zamu. Chaguo la tatu ni kulala nchi kavu, Santa Cruz na Isabela, na kutoka kwa siku. Kobe wakubwa mtawaona kwenye nyanda za juu za Santa Cruz, pengwini mara nyingi hupatikana Las Tintoreras, dakika chache kutoka Puerto Villamil, na kila usiku kitanda hakisogei. Mtakachokosa ni Fernandina na mnandi asiyeruka, kwa kuwa huko hufikiwa na boti za kulala tu. Hasara hiyo ni ya kweli, lakini kwa baadhi ya watu ni nafuu kuliko usiku saba wa ndoo.

Kabla ya kulipa amana, mtakeni wakala awape kwa maandishi ratiba yenye saa za kila mvuko, aina ya kushuka katika kila kituo, na nafasi ya chumba chenu botini. Mwulizeni kama bei inajumlisha kiingilio cha hifadhi, ambacho tangu Agosti 2024 ni dola 200 kwa mgeni mtu mzima, pamoja na kadi ya wasafiri ya dola 20. Mara nyingi haijumlishi. Bima iwe inalipia kusafirishwa kwa ndege kwenda bara. Hospitali za Puerto Ayora na Puerto Baquerizo Moreno ni ndogo, mgonjwa mahututi hupelekwa Guayaquil, na kutoka Fernandina kuifikia Puerto Ayora kwa boti ni kama usiku mzima.

Na wiki hii, kabla ya hayo yote, mpimeni mama nyumbani. Ashuke ngazi ishirini bila kushika ukuta. Kisha apande na kushuka kwenye kigoda kifupi mara kumi huku umemshika mkono mmoja tu. Akimaliza bila goti kuvimba kesho yake, boti inamfaa. Likivimba, aonane na daktari wa mifupa au mtaalamu wa viungo kwanza. Wiki sita hadi nane za mazoezi ya paja zinaweza kubadilisha jibu. Daktari akisema presha haijatulia, au mama akipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi anapopanda kilima, ahirisheni boti kabisa na mchukue mpango wa kulala nchi kavu, au mngoje mwaka mwingine.